Eda ya Siku Tisa

Nilikuwa na mdomo mimi, tena mdomo usio na breki, na mama alikuwa akinifinya paja kila niliponena lisilofaa mbele za watu. Lakini neno baya kuliko yote niliyowahi kumwambia halikunipatia hata kofi.

Baba alikuwa fundi mwashi. Alikwenda kisiwani Ngazija kujenga, akatuahidi mwaka mmoja. Vyombo vya kule vilitufikia Bagamoyo wakati wa pepo za kusi tu; kaskazi ikishaingia, huna barua wala salamu kwa miezi. Barua yake ya mwisho ilikuja na chombo cha mwisho, kwa herufi za Kiarabu ambazo mama alizisoma vizuri kuliko mimi: mimi ni mzima wa afya, hofu ni juu yenu. Tangu hapo kila jirani aliyeuliza, "Mwenzio hajambo huko?" mama alijibu, "Hajambo, alhamdulillahi." Alijibu hivyo miezi mitatu, wala mimi sikuona kasoro.

Kisha, katika mwezi wa Mfungo Nane, mwalimu wetu wa jiografia akaazima darubini. Akatuita uwanjani baada ya magharibi, na kwa kuwa mtoto wa kike hatoki peke yake saa hizo, mama akanifuata na buibui lake, ananung'unika kwamba ameacha mchuzi jikoni.

Mwalimu aliielekeza darubini kwenye zile nyota tatu zinazojipanga mstari, akaishusha kidogo hadi kwenye nyota hafifu zilizo karibu nazo. Nikachungulia. Palikuwa na kitu cheupecheupe, hakina ukingo. Mama naye akachungulia, akasema, "Kama tui limemwagika." Wenzangu wakacheka, nami nikaona fahari.

"Hilo ni wingu la hewa na vumbi, nyota huzaliwa humo," mwalimu akasema. "Wataalamu huliita nebula. Sasa sikilizeni. Hakuna kinachokwenda mbio kama nuru, lakini huko ni mbali mno. Nuru mnayoiona sasa hivi iliondoka huko zaidi ya miaka elfu iliyopita, kabla jiwe la kwanza la msikiti wa Kaole halijawekwa. Mnaliona wingu lilivyokuwa siku ile. Lilivyo leo, hakuna ajuaye."

Mama, ambaye hakuwa na desturi ya kusemezana na wanaume wa kando, akauliza, "Na kama limeshakufa, mwalimu?"

"Tutaendelea kuliona tu, mama, sisi na wajukuu wetu."

Tulipokaribia nyumbani mdomo wangu ukaniponyoka. "Mama, na barua ya baba si ndiyo vilevile? Alikuwa mzima siku aliyoandika. Leo hatujui. Labda keshakufa."

Angenipiga ningeshukuru. Alisimama katikati ya njia akanitazama kama hanijui. "Una uchuro wewe! Tema mate." Nikatema. "Sema astaghfirullahi." Nikasema mara tatu. Ndani alikwenda moja kwa moja kwenye kasha, akaitoa barua, akaisogeza karibu na taa. Hakuisoma. Alitazama tarehe tu.

Tangu hapo mama yangu hakusema tena "hajambo." Walipomuuliza alijibu, "Alipoandika alikuwa hajambo." Watu wakaona ameanza kuchanganyikiwa. Hodi ikipigwa, anashtuka mpaka anamwaga alichoshika. Nami ndo usiseme! Niliamini kwamba nikisema neno moja tena baba anakufa, basi nikawa nasema ndiyo na hapana tu, mimi niliyekuwa kasuku wa mtaa. Kila alfajiri nilimwomba Mungu jambo moja: baba awe hai, na kama nimemuua kwa ulimi wangu, anirudishie.

Rajabu ilipokuwa ukingoni, jirani yetu akaoza binti yake. Mama alikataa kwenda. Wanawake wakamjia juu: "Mume yu hai, wewe unajikalia kijane! Unamtakia nini mwenzio?" Akaona haya. Akatiwa hina hadi viwikoni, akajifukiza udi, akaenda, akaimba. Nilimsikia akicheka, moyo wangu ukapoa kidogo.

Tarehe saba ya mwezi wa Shaabani, baada ya adhuhuri, hodi ilipigwa na mwashi mwenzake baba, aliyefika na chombo cha kwanza kutoka Ngazija kusi iliporudi. Mkononi alikuwa na mwiko wa baba wa kupigia lipu, umefungwa kitambaa. Mama aliuona mwiko akaketi chini palepale. Hakuuliza amekufa kwa nini. Aliuliza, "Lini?"

"Tarehe sita, Mfungo Saba. Homa. Tulimzika siku ileile."

Mama akahesabu kwa vidole vyake, na hina ilikuwa haijafutika. Nami nikahesabu. Jioni ile ya darubini, baba alikuwa na mwezi mzima udongoni. Mdomo wangu haukumuua. Wallahi, nafuu ilinijia kabla ya msiba, na aibu ya nafuu ile ninayo mpaka leo.

Sheikh akaitwa, akasema naye nje ya pazia. "Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, na huanza siku aliyokufa mume, si siku ilipofika habari. Miezi minne na siku moja imeshapita; umebakiwa na siku tisa."

"Na hina hii? Na harusini nilikoimba?"

"Hukujua. Huna dhambi."

"Sikuuliza dhambi, sheikh." Akajisogeza karibu na pazia. "Nimekaa naye miaka kumi na minne. Kwangu mimi amekufa leo. Nimlilie siku tisa?"

"Ndiyo hukumu, mama," sheikh akasema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni.

Siku tisa mama alikaa chumbani, halii, anatazama mlango kama mtu anayengoja mgeni. Siku ya kumi wanawake wakaja na maji na kanga mpya kumtoa eda. "Haya inuka, umekwisha maliza," wakamwambia, na mmoja akaanza kumvua nguo za eda.

Hapo ndipo alipolia. Aliishika ile nguo kwa mikono miwili, akawa anawasihi, "Niacheni hata kesho, jamani. Siku moja tu."