Mto Unarudi Kwao

Nje ya ofisi ya sheha, kijijini Shumba, mtaalamu wa mito alitueleza kuwa mtaro wa saruji utavunjwa, mto urudi njia yake ya zamani. Bi mmoja alipiga makofi kuliko sote, maana maji ya mtaro huyazoa makumbi yake ya nazi anayoyafukia topeni yaoze ili asokote kamba.

Mtaalamu akachora kona za mto mchangani. Yule bi akainuka, akakaa, akainuka tena, akaikanyaga kona ya pili.

"Hapa pana jiko langu, mwanangu."

"Mto ulikuwapo kabla ya jiko, bibi."

"Najua. Nilijenga ulipohama."

Makofi yakaisha. Tukauinamia mchoro, kila mtu akitafuta nyumba yake. Kumbe mto tunautaka sote, ila upite kwa jirani. Nyumba yangu imo kona ya tatu.