Mkono Chini ya Shuka

Nilikuwa na daftari la kurasa mia, na katikati ya kila ukurasa nilichora mstari. Kushoto niliandika London, kulia Uholanzi. Mchana nilikuwa karani wa chakula katika shirika la misaada pale Dadaab, msichana mwenye shahada ya biashara anayehesabu magunia ya mahindi ya kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Ifo. Kila jioni nililifungua daftari nikalinganisha vyuo vya shahada ya pili. Uholanzi ilikuwa miaka miwili, hesabu nyingi, ada nafuu. London ilikuwa mwaka mmoja, somo zima la kuthamini kampuni kabla haijauzwa, na benki kubwa zilikuja chuoni kuchagua wanafunzi kabla hawajamaliza. Kulia nilikuwa nimejaza nusu ukurasa tu. Kushoto nilikuwa nimefika ukurasa wa nne.

Watu waliniuliza kama mimi, Mwislamu, siogopi riba ya benki. Niliwajibu kwamba kazi ninayoitafuta ni ya baba yangu, ila kubwa zaidi. Baba alikuwa dalali wa ng'ombe katika soko la mifugo la Garissa. Pale bei haitamkwi. Dalali hushika mkono wa mtu, huufunika kwa shuka, na vidole ndivyo vinavyosema: kimoja, viwili, au kiganja kizima. Nje midomo inazungumzia mvua. Mtu naye akiubana mkono wako, amekubali, na hakuna atakayemuuliza tena kama amekubali. Nilikuwa nimesoma kwamba benki za uwekezaji hukaa vivyo hivyo katikati ya muuzaji na mnunuzi, ila kinachouzwa ni kampuni nzima. Nilipoyasoma hayo niliona kazi nimeijua tangu utotoni, kilichobaki ni chuo tu.

London walitaka barua ya mwajiri. Mkuu wa kituo chetu alikuwa Mzungu aliyejifunzia Kiswahili Tanzania, na hakuacha siku ipite bila kutukumbusha. Nilimpelekea ombi langu, akalisoma, akatabasamu kama mtu anayemnyima mtoto peremende kwa faida ya meno yake.

"Benki?" akasema. "Watu wako wanahitaji wataalamu wa ufugaji. Kuna kozi nzuri ya maendeleo ya vijijini. Hiyo nitakuandikia hata leo."

Watu wako! Mezani kwake palikuwa na picha ya binti yake, wa rika langu, aliyekuwa akisomea fedha hukohuko Ulaya. Sikuwahi kusikia kwamba yeye alikuwa na watu wanaomsubiri zizini. Nilitoka kwa hasira, na hadi leo nikilikumbuka tabasamu lile napandwa na hasira ileile.

Baba alipopata habari hakukasirika. Alipanda lori la mahindi kutoka Garissa, akashuka langoni kwetu na shuka lake begani, akaomba kumwona mkubwa. Siku hiyo palikuwa na mgeni kutoka makao makuu, mwanamke mwenye kamera, kwa hiyo mkuu alikuwa mchangamfu kupita kawaida. Akatoka nje mwenyewe.

"Bwana mukubwa," baba akasema, "hii mutoto yangu ataka baruwa. Baruwa ya shule ya besa. Siyo shule ya mbusi."

"Tutaona, mzee, tutaona," mkuu akasema, akicheka.

"Garissa mfua ilikuja kidogo," baba akasema, na hapohapo akaushika mkono wa yule bwana, akaufunika kwa shuka.

Nilijua kinachoendelea kana kwamba mkono ni wangu. Shuka lilitikisika mara mbili, kiganja kizima kila mara: siku kumi. Barua itoke ndani ya siku kumi. Mkuu akamtazama mgeni wake kwa furaha, kisha akabana naye, kwa nguvu, mara mbili. Kamera ikalia. Baba akautoa mkono, akapanga shuka lake, akaniambia kwa Kisomali kwamba kazi imekwisha.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa mtu pekee katika ua ule aliyejua kwamba mmoja amefunga mapatano na mwingine ameamkiwa tu. Lakini mikono ikiwa chini ya shuka mtu wa pembeni hafungui mdomo, ndivyo nilivyolelewa. Mikono ilipotoka, baba alikuwa na uso wa mtu aliyeuza vizuri, nikashindwa kumvunjia furaha yake. Nilimwambia tu kwamba nitamkumbusha mkuu.

"Usimkumbushe," akasema. "Ukimkumbusha utakuwa umemwita mwongo, na mimi umeniita si dalali."

Nikangoja. Siku ya kumi na moja nilibisha mlango wa mkuu.

"Barua ipi?" akauliza. "Nilikwambia msimamo wangu. Baba yako alikuja kushukuru. Mzee mzuri sana."

Alisikia ombi kwa masikio yake mawili, kwa Kiswahili, mchana kweupe, na bado akalihesabu kuwa shukrani. Hilo ndilo ninaloshindwa kumsamehe. Tarehe ya mwisho ya maombi ya London ikapita. Walinijibu kwa adabu kwamba nafasi zimejaa. Uholanzi hawakutaka barua ya mwajiri, wakanipokea, nami nikazifunga kurasa zangu nne za kushoto.

Mwezi wa Agosti, wiki niliyoacha kazi, jarida la shirika lilifika kutoka makao makuu. Picha ya baba na mkuu ilikuwa kwenye jalada. Nilikwenda nalo Garissa kuaga, na nilikusudia kulificha, lakini baba aliliona kwenye mkoba. Alijitambua, akafurahi. Kwake ule ulikuwa ushahidi.

"Wameandika nini hapa chini, aabo?" akauliza. Aabo ni baba; baba zetu hutuita hivyo, kwa jina la cheo chao wenyewe.

Ningeweza kudanganya. Nilimsomea: "Mzee mfugaji akitoa shukrani kwa msaada."

Alilishika jarida muda mrefu, akaliinamia kana kwamba angeweza kuona ndani ya shuka.

"Msaada?" akasema. "Mimi nilikuwa kazini. Alibana mara mbili. Wewe ulikuwepo."

Nilikuwepo.