Glasi ya Birimbi Kabla ya Kazi

Jina la Mama Shuka alilipatia kazini. Katika nyumba ya wageni alikofanya kazi, shuka zote zilipita mikononi mwake. Alizitoa kwenye mashine, akazianika uani, kisha akazipiga pasi ndani ya chumba kisicho na dirisha mpaka zikanyooka kama karatasi. Wenzake walimtania kwamba hata mumewe, fundi baiskeli, akiamka na makunyanzi hunyooshwa kwanza kabla ya kwenda gereji. Naye alicheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka, mpaka siku dada yake mkubwa alipoanguka akijifunga vifungo vya gauni.

Kilikuwa kiharusi. Dada alipona, lakini upande mmoja wa mwili ulilala na maneno yakawa yanamtoka kwa kuburuzwa. Pale hospitali, muuguzi alimpima Mama Shuka naye, akakuta presha iko juu. Akapewa vidonge. Vidonge alivitia kwenye pochi, lakini hofu aliyorudi nayo nyumbani haikuwa na pa kutiwa. Mkono ukimfa ganzi kwa kuulalia, alijua zamu yake imefika. Akikosea neno katika mazungumzo, alikimbilia kioo kuangalia kama mdomo umekwenda kombo.

Muuza matunda wa sokoni ndiye aliyemwambia kuhusu birimbi, yale matunda ya kijani yanayofanana na vidole vinene. Alisema yanashusha presha kama mtu anayeshuka ngazi. Mama Shuka akanunua fungu. Asubuhi aliyasaga, akayakamua kwa kitambaa, akanywa maji yake kabla ya kutia kitu kingine tumboni. Ukali ule ulimfumba macho na kumtia meno ganzi, naye akafarijika: kitu kikali namna hii hakiwezi kukosa kufanya kazi. Siku aliyoogopa zaidi aliongeza kidogo, na kwa kuwa aliogopa kila siku, glasi ikajaa pomoni. Vidonge akaviacha. Maji mengine aliyatia kwenye chupa, akampitishia dada yake akielekea kazini, akamsisitizia amalize yote.

Baada ya muda alianza kwenda haja ndogo kwa nadra. Akajiambia ni jasho, maana chumba cha pasi kilikuwa tanuri. Miguu ikajaa, viatu vikakataa kuingia. Akasema ni kusimama sana. Kisha ikaja kwikwi isiyokatika. Wenzake walicheka kwamba kuna mtu anamsengenya, ila yeye hakucheka. Mchana mmoja alitapika juu ya shuka safi, na msimamizi alipouona uso wake ulivyovimba, hakuuliza la shuka. Alimtafutia gari.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole wa sauti. Alimuuliza anakula nini, anakunywa nini, na anatumia dawa gani. Alipofika kwenye birimbi, aliacha kuandika.

"Mama, tunda lenyewe si sumu," alisema. "Ukitia moja kwenye mboga halina neno. Lakini maji yake matupu, glasi nzima, kila siku, na tumbo halina kitu? Figo zako zimeziba. Inabidi mashine ikusafishe damu."

Mama Shuka aliona dari inashuka. Daktari akauliza tena, "Kuna mwingine nyumbani anayekunywa?"

Hapo hofu yake yote ya nyuma ikawa ndogo. Alimgeukia mumewe, aliyekuwa ameitwa kutoka gereji na grisi ingali vidoleni, akamshika shati.

"Kimbia kwa dada."

Wakamlaza. Alitazama damu yake ikizunguka ndani ya mrija mwembamba, lakini alichokiona ni dada yake kitandani, ametulia mno, na chupa tupu pembeni. Kila hatua iliyosikika koridoni ilimkata maini. Muuguzi alimwomba alegeze mkono wenye sindano. Hakuweza.

Mumewe alirudi akimshikilia dada, ambaye alikuja hatua kwa hatua na fimbo yake. Daktari alimpima. Hakuwa na tatizo lolote la figo. Dada alikaa ukingoni mwa kitanda, akakusanya maneno polepole.

"Nilikuwa namwaga. Kali mno. Nikaogopa... utakasirika."

Mama Shuka alilia na kucheka kwa pamoja, kwikwi ikimkatiza, mpaka muuguzi akaja kuangalia kulikoni.

Figo zilirudi kufanya kazi, ila polepole na si kama zamani. Kazini walimwondoa kwenye pasi wakampa kukunja. Siku hizi vidonge anavimeza, na akisikia habari ya mti au jani lolote, kwanza anakwenda kumuuliza daktari.

Kutoogopa tu ndiko hajakuweza. Siku ya kwanza ya kurudi kliniki, wakisubiri majibu ya damu, alikaa bencini na mumewe, akikunja na kukunjua ncha ya khanga.

"Naogopa," alisema mwishowe. Hakuwahi kulitamka hilo mbele ya mtu.

Fundi baiskeli alisogea, bega likagusa bega. "Hata mimi."

Mlango ukafunguliwa, akaitwa. Wakaingia wote wawili.