Chupa ya Esha Mwezi wa Mfungo

Kidawa binti Shamte aliupokea mwezi wa Ramadhani kwa furaha asiyomwambia mtu. Binti yake Esha, aliyepata kisukari tangu mdogo, huchomwa insulini asubuhi na jioni, na chupa iliyobaki haikuwa na dalili ya kufika mavuno ya ufuta. Kabla ya mavuno, kijiji kizima cha Kikole hakina fedha. Zahanati ilikuwa imeishiwa. Duka la dawa la Lindi mjini lilikuwa nayo, kwa bei ya mbuzi.

Kidawa alikuwa ameshafika huko. Amekulia kwenye genge la mama yake, penye mafuta ya kijiko na sabuni ya kukatwa kipande, kwa hiyo alimwomba muuza dawa, Valerian, ampimie nusu.

"Hii haipimwi, mama. Nikifungua, nimeiua."

"Basi robo, baba."

"Ningekuwa na uwezo ningekupa."

Ndipo mfungo ukamletea akili nyingine. Sukari huletwa na chakula. Asiyekula mchana, sindano ya asubuhi ya nini? Akaiacha, akabakiza ile ya futari.

Chupa hukaa kwa jirani, Benadetha, Mmakonde mwenye jokofu la kuuzia maji baridi.

"We Kidawa, asubuhi simwoni Esha. Au na chupa mmeifungisha?"

"Nayo imesilimu, shoga. Iache ichume thawabu."

Wakacheka mpaka wateja wakageuka.

Jioni moja Esha hakugusa uji wa futari. Alikunywa maji kata baada ya kata, akayatapika yote. Pumzi zikamwenda mbio kama za mtu aliyepanda mlima, zikinukia tunda lililoiva likapitiliza. Bodaboda ikawapeleka kituo cha afya, Esha katikati, mama yake nyuma akimshikilia asidondoke.

"Asubuhi alichomwa?" aliuliza mganga, Fidelis.

"Amefunga, daktari."

"Mwili wake hautengenezi hii dawa hata chembe, mama. Ale, asile, sindano iko palepale."

Hakumkaripia. Kidawa angekaripiwa angepata pa kujibu.

Esha alinusurika. Lakini siku ya kuruhusiwa, Fidelis alipandisha kipimo cha kila sindano. "Anakua," alisema, kama mtu anayetoa habari njema.

Nyumbani Esha alilisogeza bakuli kando. "Mama, nikila kidogo si dawa itabaki?"

"Kula. Shiba."

Asubuhi Benadetha alimkabidhi chupa bila utani. Kidawa aliiinua penye mwanga, akavuta dawa yote iliyotakiwa, akamchoma mtoto, kisha akaenda shambani. Ufuta ulikuwa bado na maua, nyuki wakiingia na kutoka. Ni mbegu inayosafiri mpaka kwenye mikate ya nchi asizozijua majina. Alichuma tumba la mbegu la chini kabisa, akalipasua kwa ukucha. Ndani mlikuwa na punje laini, zenye majimaji, za kupondeka kwa kidole.

Akajifuta kidole kwenye khanga, akaanza kupalilia.