Niliwaambia Mume Wangu Amekufa, Wakafunga Vitabu Vyake

Wacha niwaambie vile nilimfungia mume wangu vitabu vyake kwa mkono wangu mwenyewe, na yeye yuko kaburini.

Niliandikia kampuni iliyomuuzia vitabu imeli moja ya adabu. Nikasema mteja wenu Obadiah amefariki. Nikaambatisha barua ya chifu yenye muhuri.

Wakanijibu siku hiyo hiyo. Mstari wa kwanza, pole. Mstari wa pili, akaunti imefungwa.

Wakati huo sikujua maana yake.

Naitwa Ngina. Ni fundi wa pampu za maji hapa Voi. Ndiyo, mwanamke. Kama hilo linakusumbua, ngoja pampu yako ikatae halafu tuone utampigia nani simu.

Kazi hii tuliianza na Obadiah miaka kumi na minne iliyopita. Yeye Mdawida wa Chawia kule milimani, mimi Mkamba wa hapa hapa mjini. Mimi nashika spana, yeye ameshika tableti, ananisomea. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, na watu walituzoea.

Vitabu vyake vya ufundi vyote vilikuwa kwa hiyo tableti. Thelathini na kimoja. Alivichukua kimoja kimoja kutoka kwa kampuni fulani inayouza vitabu vya kusomea kwa simu. Kitufe alichokuwa akibonyeza kiliandikwa "Nunua". Shikeni hilo neno, nitalirudia.

Sasa, Obadiah hakuwa mtu wa kusoma na kunyamaza. Alikuwa anaandika pembeni ya kurasa. Kila pampu tuliyoifungua, kutoka Wundanyi mpaka Bomeni, alitafuta ukurasa wake akaandika hapo hapo. Hii inavuja chini. Hii usiibane sana. Ya huyu mzee ilifungwa kinyume, usishtuke.

Vitabu viliandikwa na watu ambao hawajawahi kuona pampu za huku kwetu. Maandishi ya pembeni ndiyo yalikuwa kazi yenyewe.

Mwezi wa pili mwaka jana presha ikamchukua. Asubuhi alikuwa ananitania ati chai yangu ni maji ya mfereji. Saa nane mchana nilikuwa hospitali nimeshika viatu vyake.

Siku hiyo sitaki kuiongelea zaidi.

Tulimzika kwao Chawia. Matanga yalipoisha, familia ikakaa kugawa vitu vyake, kama inavyofanywa. Koti likaenda kwa kaka yake Ronald. Panga kwa binamu. Tableti, mama mkwe wangu, Mama Tryphena, akanipa kwa mikono miwili.

"Hii ni yako, wewe ndiye mwenye kazi," akasema. "Lakini usikae na kitu cha marehemu kwa jina lake. Kiandikishe kwa jina lako, mambo yawe wazi."

Kwao mambo huenda hivyo. Shamba, ng'ombe, mgao wa maji, mwenyewe akienda unatangaza, unaandikisha, maisha yanaendelea. Mtu anayeficha kifo watu humuuliza ana nini.

Basi nikatangaza. Chifu akaandika barua. Benki nikawaambia, Sacco nikawaambia. Mwisho nikawaambia watu wa vitabu, naombeni viandikwe kwa jina langu.

Mjinga ni nani kama si mimi.

Wiki tatu baadaye akanipigia Jedidah, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa kule Chawia.

"Mama Daisy, pampu ya kanisa imekataa kabisa. Tunateremka bondeni na mitungi. Kuna wamama hapa wana miaka sabini."

Nikapanda mlima siku hiyo hiyo. Pampu ile naijua, na naiogopa. Ililetwa na wafadhili zamani, imebadilishwa vipuri mara nyingi mpaka hakuna kitabu kinachoitambua. Obadiah peke yake ndiye aliielewa, na alikuwa ameiandika yote pembeni.

Nikaifungua. Nikafuta mikono. Nikawasha tableti.

"Huna ruhusa ya kusoma kitabu hiki."

Nikajaribu cha pili. Huna ruhusa. Cha tatu, huna ruhusa. Mimi nilidhani akaunti ni akaunti na vitabu ni vitabu. Si vimo ndani ya tableti? Si tableti iko mkononi mwangu?

Jedidah akaniuliza polepole, "Huwezi kukumbuka tu?"

"Siwezi. Wa kukumbuka alikuwa yeye."

Nikalia pale kisimani mbele ya wamama wote na mitungi yao, na si kwa sababu ya pampu. Maneno yake ya miaka yote hiyo yalikuwa nyuma ya hiyo skrini, na mtu asiyemjua ndiye alikuwa na ufunguo.

Nilipomaliza kulia nikakasirika. Wanaonijua wanajua hapo ndipo mambo huanza.

Kesho yake nikapiga simu kwa kampuni. Akashika kijana wa sauti laini, anaitwa Austin.

"Pole sana kwa msiba, madam. Kulingana na masharti yetu, vitabu havirithiwi. Mteja anapewa leseni ya kusoma, na leseni inaisha na mteja."

"Kitufe kilisema Nunua."

"Hiyo ni namna tu ya kusema, madam."

"Na pesa alizolipa, zilikuwa namna tu ya kusema?"

Nikasikia wenzake wakiongea nyuma yake.

"Na yale aliyoandika pembeni yako wapi?"

"Yako ndani ya akaunti, madam. Na akaunti imefungwa."

"Kwa hivyo mnayo."

"Kwenye mitambo yetu yapo, lakini..."

"Asante, Austin. Hilo ndilo nilitaka kusikia."

Jioni shemeji yangu Ronald akaja karakana na dawa yake.

"Shemeji, acha kujitesa. Kuna jamaa stendi anavunja hizo kufuli za vitabu. Anachukua dakika kumi."

"Ronald, siwezi kuiba kitu changu. Nikikiiba nitakuwa nimekubali kwamba ni chao."

Akaniangalia kana kwamba nimepigwa na jua la Voi. Akaenda zake.

Nikaenda saiba, kwa wenye kompyuta za kulipia, nikaprinti masharti yao. Kurasa arobaini na sita, maandishi madogo kama mchanga. Nadhani waliyaandika wakijua hakuna mtu atasoma. Mimi nikayasoma na penseli, siku nne, nikipumzika kwa kazi nasoma. Obadiah angenicheka sana, maana nilikuwa nasinzia akinisomea hata ukurasa mmoja.

Ukurasa wa thelathini na nane nikasimama.

"Maelezo anayoandika mteja ni mali ya mteja. Kampuni inayahifadhi kwa idhini yake."

Mali ya mteja. Wameandika wenyewe.

Nikatoa ile barua ya chifu, ile ile niliyowatumia. Ilikuwa na mistari miwili tu. Wa kwanza, Obadiah amefariki. Wa pili, mrithi wake ni mkewe, Ngina.

Nikakaa nikawaandikia. Sikuomba tena.

"Barua ya chifu mliipokea. Mstari wa kwanza mliuamini siku hiyo hiyo, mkafunga akaunti. Sasa aminini na wa pili. Vitabu mmesema ni vyenu. Maandishi ya pembeni mmesema ni ya mteja, ukurasa wa 38. Mteja hayuko, mrithi ni mimi. Idhini ya kukaa nayo aliwapa yeye. Mimi sijawapa. Mna siku kumi na nne kunirudishia yote. Zikipita, tutaonana kortini hapa Voi, na ni nyinyi mtaeleza kwa nini mmekalia kazi ya mtu bila leseni. Fundi Ngina."

Nikatuma kwa imeli. Nikatuma na kwa posta, rejista, nisije nikaambiwa haikufika.

Siku ya tisa wakajibu. Si Austin, huyu alikuwa mkubwa mwenye cheo cha mistari miwili. "Bila kukubali kosa lolote," akaanza, na hapo nikajua nimewashika. Vitabu, hapana, havifunguliwi. Maandishi ya marehemu, haya hapa.

Yalikuwa mia sita na kumi na manne.

Nikaprinti yote. Sikusoma kuanzia mwanzo, niliruka moja kwa moja nikatafuta Chawia, kwa sababu kuna wamama walikuwa bado wanapanda mlima na mitungi.

"Pampu ya kanisa Chawia. Valvu ya pili si yake, ilitolewa kwa pampu nyingine. Zungusha kushoto, si kulia. Ngina atabisha. Mwache abishe, halafu azungushe kushoto."

Na kweli, nilipofika pale nilikuwa tayari nimeishika nataka kuizungusha kulia.

Nikazungusha kushoto. Maji yakaja. Yalitoka na kutu kwanza, halafu yakawa safi, na Jedidah akaanzisha wimbo hata kabla ya mtungi wa kwanza kujaa.

Nikateremka kwa mama mkwe na ile bahasha ya karatasi. Akaweka chai. Akasema, "Nisomee mwanangu anasema nini. Anzia mwanzo."

Nikageuza ukurasa wa kwanza. Andiko la kwanza kabisa, la miaka kumi na moja iliyopita. Aliliandika kwenye kitabu cha kwanza alichonunua, si pembeni ya pampu yoyote, bali pembeni ya yale masharti ya mwanzoni ambayo mimi na wewe huyaruka.

Nikamsomea Mama Tryphena kwa sauti.

"Ngina, hawa watu wanasema nikifa wanachukua vitabu. Kwa hivyo nikitangulia, usiwaambie. Nyamaza tu, endelea kusoma. Lakini nakujua. Utawaambia."

Mama Tryphena akaweka kikombe chini.

"Na mimi ndiye nilikutuma uwaambie," akasema.

Tukaangaliana. Halafu tukaanza kucheka, mama wa mtu na mke wa mtu, tukacheka mpaka machozi, na kusema kweli sijui ni wapi kicheko kiliisha na kilio kikaanza. Alikuwa ameliandika onyo lake ndani ya kabati lile lile litakalofungwa. Mwerevu wangu. Miaka kumi na moja alijua, na hakufikiria kuniambia kwa mdomo.

Basi funzo, kwa wale mlionifuata mpaka hapa.

Kitu ambacho huwezi kumwachia mtoto wako, hukukinunua. Umeazimwa, na aliyekuazima anangoja ufe. Vitabu thelathini na kimoja sijarudishiwa mpaka leo, na sijaacha kuwadai. Kila mwezi Austin anapata imeli yangu, na kila mwezi ananijibu kwa adabu.

Lakini maneno ya Obadiah yako karakana, kabatini, kwa karatasi, na kabati halina kufuli. Fundi yeyote akitaka kuyasoma, aje. Akitaka kuyanakili, anakili, mwenye haki ni mimi na nimeruhusu. Binti yangu Daisy ameanza kuongeza yake chini ya ya baba yake, kwa kalamu.

Na siku nikifa mimi, tangazeni popote mnapotaka.