Salamu Kutoka Dukani

Nsimire hakujua kudanganya. Katika nyumba ya wazee aliyofanya kazi, kule Quakers Hill, kitongoji cha Sydney, ukimuuliza kama mzee fulani amemaliza uji wake, macho yake yalikimbilia sakafuni kabla mdomo haujafunguka. Wenzake walimcheka sana kwa hilo. Basi mtu huyo huyo, aliyeshindwa kuficha habari ya bakuli la uji, ndiye aliyemdanganya Auntie Merle kwa wiki mbili, na akaaminiwa.

Alikuwa Mkongomani wa Kabare, mjane, aliyeletwa Sydney na bintiye mmoja baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Waliishi Blacktown. Kiingereza alikisoma ukubwani, darasa la jioni, na kazini kilimtosha: unaumwa wapi, inua mkono, chai au kahawa. Akiwa ana kwa ana na mtu alijikokota, akisoma uso pale neno lilipomshinda. Kwenye simu kilimpiga chenga.

Auntie Merle alikuwa Mwaborijini, mwenyeji wa asili wa Australia, kutoka kijiji cha mbali magharibi, safari ya siku nzima kwa gari. Figo zake zilikuwa zimekufa na kwao hapakuwa na mashine ya kusafisha damu, kwa hiyo aliletwa mjini kuishi na watu asiowajua, akipelekwa hospitali mara tatu kwa wiki. Wafanyakazi wengine walimwita Merle, hivyo hivyo, kavu. Nsimire hakuweza. Mtu aliyemzidi mama yake umri, amwite kama anamtuma mtoto dukani? Aliposikia kwamba kwao wadogo humwita Auntie, alishukuru Mungu. Naye Auntie akamwita binti yangu.

Kilichowaunganisha hasa ni duka. Kijiji cha Auntie kilikuwa na duka moja tu, na zamani lilikuwa la Mzungu aliyeuza unga wenye wadudu kwa bei ya kukufuru. Auntie na wenzake walichanga, wakasumbua ofisi za serikali mpaka zikawachoka, wakalinunua. Likawa mali ya kijiji kizima. Wakaongeza pampu ya petroli, kisha tanuri la mkate, ambalo alilishika Ivy, mdogo wake Auntie wa tumbo moja. Auntie akawa mwenyekiti wa kwanza. Faida ilikuwa na kazi nyingi, lakini kazi ya kwanza ilikuwa mazishi. Mtu akifa, duka ndilo lililowasafirisha ndugu zake waje wamzike, hata wangekuwa mwisho wa dunia.

"Kwetu hakuna anayezikwa bila watu wake," Auntie alisema, na alipolisema hilo alijivuna, haki yake.

Nsimire alimwelewa kuliko alivyoweza kueleza. Kabare nako wanawake walikuwa wameuza maharage misimu mingi mpaka wakanunua kinu cha dizeli, mali yao wote. Kilisaga mihogo ya vilima vya jirani na kusomesha watoto wao. Kisha wakaja watu wenye bunduki, wakakitia moto. Alimwambia Auntie kwamba kiliungua. Yaliyofuata hakumwambia, kwa sababu hata yeye hakupenda kuyakumbuka.

Alhamisi haikuwa siku ya hospitali, na kila Alhamisi Nsimire alipiga simu dukani kwa simu yake mwenyewe, akampa Auntie. Dada wawili wale waliongea kwa lugha yao, wakacheka mpaka Auntie akakohoa. Alhamisi moja ya mwaka 2007, baridi imeingia, Auntie alikuwa hoi kitandani. Akamwomba Nsimire apige mwenyewe, amsalimie mdogo wake tu. Nsimire akatoka kwenda uani. Simu iliita muda mrefu, kisha ikapokelewa na mwanamume mwenye sauti ya chini, ya haraka.

"Store's shut, sister. Sorry business. Tell Auntie ring us, eh? Ring us today."

"Okay, okay. Thank you," alijibu Nsimire, kama alivyojibu kila simu ilipombana.

Akasimama pale na baridi yake. Shut alilijua. Sorry ni pole. Business ni biashara. Akayaunga: duka limefungwa, pole, biashara imeenda mrama. Nani angemlaumu? Darasa la jioni halikumfundisha kwamba kwa watu wa Auntie maneno yale mawili, yakienda pamoja, ni msiba; kwamba mtu akifa duka hufungwa kwa heshima yake, na jina lake halitajwi tena. Aliyekufa alikuwa Ivy. Kijiji kilimngoja Auntie apige simu tu, ili gari la duka lije kumchukua akamzike mdogo wake.

Nsimire aliona kinu chake kikiungua mara ya pili. Wanataka apige simu ili wamwambie duka limekufa, akawaza. Mgonjwa huyu, na hali hii? Akapiga moyo konde, akaingia ndani.

"Anasemaje?" Auntie aliuliza.

"Anakusalimu sana. Anasema mkate wa leo umeumuka vizuri. Watu wamejaa dukani."

Hakutazama sakafu. Alimtazama Auntie machoni, naye Auntie akacheka.

"Ivy na mkate wake! Huyo hata ulioungua atausifia."

Siku ile Auntie alikula chakula chote. Nsimire akafurahi, maskini, na uongo ukamnogea. Wiki iliyofuata akaleta salamu nyingine, ndefu zaidi, na alipoombwa simu akasema laini ya kule ni mbovu. Auntie hakumtilia shaka. Alilala akitaja jina la mdogo wake, akiwasimulia wauguzi utani wake wa utotoni.

Siku chache baadaye gari la duka likaingia kwenye maegesho, limejaa vumbi jekundu. Alishuka kijana mmoja, Darcy, mtoto wa yule mdogo wake Auntie. Nsimire alikuwa akileta chai alipomwona ameketi kitandani, ameishika mikono yote miwili ya Auntie, anazungumza polepole kwa lugha yao. Kisha Auntie akalia. Kilio kile hakikuhitaji mkalimani. Nsimire alikijua tangu utoto wake, na chai ikammwagikia mikononi asiihisi.

Darcy alimkuta ukumbini. Hakufoka, na ingekuwa heri angefoka.

"Tumemzika Jumamosi. Tulimngoja sana Auntie. Si wewe uliyepiga simu? Nilikwambia ni sorry business. Alivyokaa kimya, tukadhani amezidiwa."

Ndipo Nsimire akaelewa yote kwa mpigo. Alikuwa amemnyima mama yule mazishi, na amemwacha alitaje jina la marehemu siku hizo zote, tena kwa kicheko. Alitaka ardhi impasukie.

Auntie alisema anarudi kwao na Darcy. Daktari akaitwa, akamweleza wazi kwamba kule bila mashine hatamaliza mwezi. Auntie akamjibu kwamba amesikia, si kiziwi.

"Ningeenda kuzika, ningerudi," alisema. "Sasa naenda kukaa naye."

Aliyemfungia mizigo ni Nsimire, kwa sababu Auntie hakutaka mwingine. Alikunja nguo moja moja, machozi yakimtoka, akiomba msamaha kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa kimemtoroka kabisa. Alipoishiwa maneno akapiga magoti kumvisha viatu, maana miguu ya Auntie ilikuwa imevimba na hakuweza kuinama.

"Siku ile uliyopiga simu," Auntie aliuliza taratibu, "hukusikia wanawake nyuma ya sauti ya Darcy?"

Angeweza kusema hapana. Wiki mbili zilikuwa zimemfundisha.

"Niliwasikia, Auntie. Walikuwa wanalia."

"Na hukujiuliza?"

"Nilidhani wanalilia duka."

"Hakuna mtu anayelilia duka, binti yangu."

"Sisi tulililia kinu," alisema Nsimire, bado yuko magotini. "Tulikaa kwenye majivu yake tukalia kama tumefiwa. Waume zetu hatukuwalilia hivyo."

Auntie alinyoosha mguu wa pili, Nsimire akamvisha kiatu, na Darcy akaja kumchukua.