Kuhesabu Miguu kwa Mbali

Bunduki niliyokabidhiwa nilipoandikishwa askari wa akiba ina kigurudumu cha kulengea chenye namba za umbali, mita mia moja hadi mia nne. Kazi ni kujua mnyama yuko mbali kiasi gani. Hilo nilijifundisha kwa vitabu, kisha nikanunua kipima umbali cha leza, kidude cha kuweka jichoni. Nikakiamini kuliko macho yangu.

Asubuhi ile, nje ya Habaswein, maofisa wa wanyamapori walikuwa wameturuhusu kumuua fisi mwenye kichaa cha mbwa. Siku mbili kabla alikuwa amemng'ata mama mmoja kisimani, na mama huyo sasa alikuwa Garissa akidungwa sindano. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuteka maji. Kina mama walisubiri barabarani na punda wao.

Mjomba wangu, mchunga ngamia tangu utotoni, alilala kifudifudi kando yangu. Fisi alikuwa nyuma ya mgunga mkavu, akiyumba. Nikabonyeza kifaa.

"Mia tatu na kumi," nikasema.

"Mia nne, abti." Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo. "Mbuzi akiwa mia tatu naihesabu miguu yake. Ya huyu siioni."

"Ni joto. Mazigazi yameimeza."

"Mazigazi nimezaliwa nayo. Wewe umezaliwa na hiyo betri?"

Nikazungusha kigurudumu hadi mia tatu, nikafyatua. Fisi alianguka, akainuka akichechemea, akapotelea kichakani upande wa kisima.

Nilizihesabu hatua tukielekea huko. Kufika kwenye mgunga zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Kufika kwenye damu, zilikaribia mia nne. Leza ilikuwa imepima matawi ya mgunga, na risasi ikashuka hadi mguuni.

Mjomba aliinamia mchanga. "Miguu mitatu inakanyaga, mmoja unaburutwa. Hii hata wewe utaihesabu." Hakutabasamu.

Alitangulia yeye, na fimbo tu mkononi, kwa kuwa ndiye aliyejua kusoma nyayo. Mimi nilifuata na bunduki. Kila alipotenganisha matawi nilijua kwamba kinachoweza kumrukia usoni ni fisi mwenye kichaa niliyemjeruhi mimi. Mjomba ana zaidi ya miaka sabini. Sikumwomba radhi.

Adhuhuri ilipita tukiwa bado humo. Hatimaye akanyoosha fimbo bila neno, akapiga hatua kando. Fisi alikuwa chini ya kichaka, hatua nane mbele, akitafuna mguu wake uliovunjika. Nilimmaliza.

Barabarani mmoja wa kina mama aliuliza, "Risasi ya kwanza tuliisikia asubuhi. Mlikuwa mkifanya nini huko?"

"Fisi alikuwa mkaidi," mjomba akasema.

"Nilikosea umbali," nikasema. "Abti aliniambia. Sikumsikiliza."

Mama alinitazama, kisha akamtazama mjomba, shati lake limechanwa na miiba hadi kiwikoni. Alimgusa punda ubavuni, mitungi ikagongana, wakaelekea kisimani.